Kuugua kwa Niaba ya Katibu Kata

Wako watu wanaotuma wenzao sokoni, wako wanaotuma wenzao kisimani, na hao hatuna ugomvi nao. Lakini Nicodemus, Katibu Kata, mtu mzima mwenye Kaunda suti mbili na baiskeli ya serikali, alimtuma mkewe zahanati akaugue kwa niaba yake. Na mke akaenda. Ndiyo maana hadithi hii inamhusu mke zaidi, ingawa Nicodemus angependa imhusu yeye, kama alivyopenda kila kitu kimhusu.

Mke aliitwa Josepha, binti wa Mzee Tharsisi wa Kasanda, upande wa Kibondo. Alikuwa na miaka kumi katika nyumba ya Nicodemus pale Heru Juu, na watoto wawili, Renatus na mdogo wake Theodosia. Hakuwa msemaji. Nicodemus naye, kama walivyo wengi wenye vyeo vidogo, alidhani mtu asiyesema sana hana cha kusema.

Ugonjwa wenyewe ulianza baada ya ile operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Wakubwa wengine walirudi nyumbani na mafua, Nicodemus alirudi na hofu. Alikuwa halali. Mfuniko wa sufuria ukianguka anaruka kitini, kisha anamgombeza aliyeuangusha kwa nusu saa nzima. Moyo unamwenda mbio, viganja vinatoa jasho mpaka kalamu inateleza. Na maharage akaacha kula, Muha aliyezaliwa na kukulia kwenye maharage. Ukiyainjika tu, anachukua kiti chake anakwenda kukaa nyuma ya nyumba. Josepha akawa anampikia chungu chake peke yake, leo dagaa, kesho majani ya maboga, na wageni wakaambiwa kwamba Katibu ana tumbo la kisomi lisilopatana na vyakula vizito. Watu waliamini, au walijifanya wameamini, maana ukiwa Katibu Kata hata tumbo lako linaheshimiwa.

Sasa pale Kasulu mjini, kwenye zahanati moja, alikuwa ameletwa muuguzi mgeni, Bi Shamsia, mwanamke wa Pangani aliyesomea Dodoma mambo ya maradhi ya akili. Kila Alhamisi alikaa katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mablanketi, akiwa na meza, viti viwili, na hana sindano. Hilo la kukosa sindano liliwaudhi watu sana. Mtu atembee saa mbili, aketi, aulizwe habari za mumewe na mama mkwe wake, kisha arudi nyumbani bila hata alama ya sindano ya kumwonyesha jirani? Wakakiita chumba cha vichaa, wakamaliza.

Nicodemus alisikia habari za chumba hicho kikaoni, akacheka kuliko wote. Siku ya pili yake, asubuhi, alifunga mlango akamketisha mkewe.

"Mama Renatus, Alhamisi utakwenda kwa yule mama wa pwani. Utasema hulali."

"Mimi nalala," alisema Josepha.

"Utasema hulali. Utasema moyo unakwenda mbio na kitu kikipasuka unatoka jasho. Akikupa dawa, unaniletea. Na jina langu lisitajwe. Nataka uniahidi kwa vichwa vya watoto wako."

Josepha alimtazama yule mume mwenye sauti ya kusikika mpaka bonde la pili, akaona anafuta viganja kwenye suruali, tena na tena. Alimwonea huruma, na tusimcheke kwa hilo. Akaahidi kwa vichwa vya watoto.

Alhamisi ilipofika akateremka Kasulu. Bi Shamsia alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alitoa daftari jipya la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akaandika juu yake: Josepha Tharsisi.

"Daftari hili litakuwa lako, utakaa nalo wewe," alisema. "Naandika kwa Kiswahili, tena kwa herufi kubwa. Siandiki kumhusu mtu jambo ambalo mwenyewe hawezi kulisoma."

Josepha akatoa yale aliyoagizwa, moja baada ya jingine, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi. Bi Shamsia akaandika, akamfundisha kuvuta pumzi polepole mkono ukiwa tumboni, kisha akamwuliza: hofu hii, ilianza siku gani?

Alipofika nyumbani Nicodemus alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Amekupa nini?"

"Ameniuliza ilianza lini."

"Nimekuuliza dawa."

"Hakuna dawa. Kuna maneno, na kuna namna ya kupumua."

"Umekwenda Kasulu na kurudi kuchukua maneno? Maneno hapa kwangu yamekwisha?" Akamwambia kwamba serikali inapoteza fedha bure. Kisha jioni, akidhani hakuna amwonaye, alikaa nyuma ya nyumba mkono tumboni, akapumua polepole alivyoelekezwa na mkewe. Na lo, akapata nafuu kidogo. Hilo hakulisema.

Basi ikawa ndiyo kazi. Jumatano Nicodemus anafunga mlango na kumpa mkewe majibu ya kupeleka, Alhamisi Josepha anayapeleka na kurudi na maswali mapya. Na Nicodemus alivyokuwa akiyatoa hayo majibu ndiyo kichekesho. Hakusema "mimi" hata mara moja.

"Sema ulikuwa umesimama mbele ya nyumba ya yule bibi, Bibi Esteri wa bondeni. Sema alikuja akapiga magoti akaomba siku tatu, ahamishe maharage yake yaliyokuwa darini."

"Nilimwambiaje?" aliuliza Josepha, maana alishaizoea kazi.

"Ulikuwa unavuta sigara. Ulimwambia anayo nafasi mpaka sigara iishe." Nicodemus akatazama sakafu. "Halafu mgambo wakasita, wapumbavu wale. Ukawaambia wasogee, ukawasha kiberiti mwenyewe ili watu waone mfano. Nyasi zikashika. Na yale maharage yakaanza kupasuka huko juu. Yalipasuka muda mrefu, Mama Renatus. Bibi akawa anayasikiliza."

Machozi yalimshuka, akayafuta haraka kwa mkono wa suti, akamwagiza mkewe aongeze kwamba siku ile kulikuwa na upepo. Josepha hakuwa amewahi kuyasikia hayo. Miaka miwili tangu operesheni amelala kitanda kimoja na mtu huyu, na ilibidi apewe kama ujumbe wa kupeleka kwa watu wengine ndipo ayajue. Alichukia, na alisikitika, yote mawili kwa pamoja, na usiku ule ni yeye aliyekosa usingizi.

Alhamisi ya nne Bi Shamsia alitoa shauri: mgonjwa aende kwa huyo bibi, si kwa maneno mengi, aende tu amsalimie na akae naye. Josepha akalifikisha. Nicodemus alivimba.

"Katibu Kata akapige magoti kwa kikongwe? Watu wakiona? Nenda wewe."

"Hata huko niende mimi?"

"Si ndiwe mgonjwa?" alisema, na alisema bila haya.

Josepha akachukua kikapu cha maharage ya mbegu akaenda mpaka kijiji kipya kando ya barabara, alikopewa Bibi Esteri kiwanja chenye mawe. Bibi alimpokea kwa makofi ya salamu, akamsikiliza mpaka mwisho, akakisogeza kikapu pembeni kwa mguu, polepole.

"Maharage nimepokea, maana watu wanakula," alisema. "Lakini mimi mkono wako siujui, mwanangu. Ulionichomea naujua. Nitausameheje huu wako na haujanifanya kitu?"

Wiki iliyofuata Josepha aliripoti kwamba mgonjwa hakwenda, alituma mtu. Bi Shamsia aliandika hivyo hivyo. Kisha akaweka kalamu chini, akavua miwani.

"Haya. Kwa leo siandiki tena. Wiki tano nimemsikiliza huyo bwana mkali mwenye sigara. Sasa niambie ya kwako."

Josepha alitaka kukana, mdomo ukakataa. Akaanza kulia. Alilia kwa kilio kilichokuwa kinasubiri foleni nyuma ya kilio cha mtu mwingine. Alisema juu ya miaka kumi ya kugombezwa, juu ya vifuniko vya sufuria, juu ya kupika vyungu viwili, juu ya kuitwa bubu mbele ya wageni, na juu ya Renatus ambaye naye alikuwa ameanza kumjibu mama yake kwa kidevu. Bi Shamsia hakumpa ushauri wowote. Alimwuliza tu: "Katika yote hayo, lipi ni lako, na lipi umebebeshwa?" Josepha alipanda mlima wa Heru Juu akiwa na swali hilo, akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Bi Shamsia alikuwa pia ameomba mume aje. Nicodemus alikuja, kwa kuwa mume wa mgonjwa si mgonjwa. Alikuja na suti ile nzuri, akakunja nne, akatazama mablanketi yaliyobaki kwenye kona kama mtu anayekagua ghala.

"Mkeo ana hofu nyingi," alisema Bi Shamsia. "Wewe unaionaje hali yake?"

"Wanawake, Bi Shamsia, si unawajua? Ni uvivu tu na kukaa na maneno moyoni. Mtu mwenye kazi za kufanya hana nafasi ya kuogopa."

"Na wewe mwenyewe unalala vizuri?"

"Mimi nalala kama gogo."

Josepha alikuwa pembeni, kwenye kiti cha kuazima, magoti yake yamegusana na ya mumewe, chumba kilivyokuwa kidogo. Alimgeukia, akamtazama vizuri. Hapo ndipo huruma ilipomwisha. Si kwa hasira, iliisha tu, kama mafuta yanavyoisha kwenye kibatari, na akabaki anashangaa jinsi mtu huyu alivyo mdogo.

Mwezi uliofuata ikaja barua ya uhamisho. Nicodemus amepandishwa cheo, anahamia Kibondo, makao makuu ya wilaya. Na hapo hapo akagundua tatizo: watu wote wa Kasulu wanajua kwamba mke wake huenda chumba cha vichaa, na maneno hayana nauli, yatafika Kibondo kabla yake. Afisa wa wilaya mwenye mke kichaa! Alifikiri siku tatu, akapumua polepole mkono tumboni, akapata jibu. Atamrudisha kwao. Watoto atabaki nao, maana mama mgonjwa wa akili atawaleaje? Mpumbavu kama huyu akiamua kuwa na akili, huwa na akili za namna hiyo.

Josepha alipoambiwa hakupiga kelele. Aliuliza neno moja: "Watoto?"

"Watoto ni wangu. Na ushahidi ninao." Akatoa lile daftari kutoka chini ya godoro, lilikohifadhiwa, akaliviringisha kwenye gazeti. Muda wote huo hakuwa amelifungua hata siku moja. Aliliogopa. Alipoliona tu kitandani, jasho lilimtoka. Lakini jalada alilijua, na kwenye jalada kulikuwa na jina la mkewe, na yeye alidhani siri ni jina.

Walikwenda Kasanda wote wanne, kwa lori la mizigo. Watu wa kwao Josepha walikuwa wametaarifiwa kwamba mkwe ana shauri. Walikuwepo Mzee Tharsisi, mkewe Immakulata, na kaka yake Josepha, Venanti, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Ilikuwa mchana, na shauri haliongelewi kabla ya chakula, kwa hiyo walikaribishwa ugali wa muhogo. Wote walipakuliwa maharage. Josepha alikula, akaongeza, maana chungu cha mama yake alikuwa amekikosa mwaka mzima. Nicodemus aliwekewa mbele yake bakuli la dagaa peke yake, kama kawaida, na Immakulata akaomba radhi kwamba dagaa wenyewe ni wa siku nyingi.

Walipokwisha kunawa, Nicodemus alisimama. Alizungumza vizuri, hilo tumpe. Alisema alioa mke mzima na sasa ana mke mgonjwa wa akili. Alisema amevumilia, ametibu, ametumia kila njia. Alisema hadai mahari yake, anachotaka ni watoto na heshima. Mzee Tharsisi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, aibu imemkaa begani. Immakulata alikuwa amemshika Theodosia kwa mikono miwili.

"Na msidhani namsingizia," alimalizia Nicodemus. "Ushahidi huu hapa, mkono wa mtaalamu wa serikali." Akamkabidhi Venanti daftari.

Venanti alilifungua. Nicodemus alitegemea asome jina, asome ugonjwa, afunge. Lakini mwalimu wa darasa la tatu akipewa daftari, husoma kuanzia mstari wa kwanza, kwa sauti, na huweka kituo panapotakiwa kituo.

"Alhamisi ya kwanza," alisoma. "Mgonjwa halali. Moyo unakwenda mbio. Akisikia kitu kinapasuka anatoka jasho."

Wazee waliguna kwa masikitiko. Mzee Tharsisi alimtazama binti yake. Josepha alikuwa ametulia, mikono mapajani.

"Alhamisi ya pili. Mgonjwa hali maharage, sasa ni mwaka wa pili. Yakipikwa huondoka akakae nje. Hupikiwa chungu chake peke yake."

Venanti alirudia mstari ule kwa macho tu. Macho ya watu yalianza kutembea: yalitoka kwenye sahani ya Josepha, nyeupe, iliyofutwa kwa tonge la mwisho, yakaenda mpaka kwenye lile bakuli la vichwa vya dagaa.

"Inatosha, mwalimu," alisema Nicodemus. "Ni mambo ya kitabibu hayo."

"Umenipa nisome, shemeji," alisema Venanti, akageuza ukurasa. "Alhamisi ya tatu. Mgonjwa asema: Nilikuwa navuta sigara. Bibi aliomba siku tatu ahamishe maharage yake. Nikamwambia anayo nafasi mpaka sigara iishe. Mgambo walisita, nikawaambia wasogee, nikawasha kiberiti mwenyewe." Sauti ya Venanti ilikuwa imepungua. "Alhamisi ya tano. Mgonjwa alishauriwa akamsalimie bibi. Hakwenda. Alituma mtu."

Mzee mmoja wa ukoo alikohoa. Mwingine alikuwa anatazama pakiti ya sigara iliyochungulia kwenye mfuko wa kifua wa Kaunda suti, na alikuwa anaitazama bila kuficha. Mzee Tharsisi aliinua kichwa.

"Josepha. Umewahi kuamrisha mgambo?"

"Niliahidi kwa vichwa vya watoto wangu kwamba sitamtaja mtu, baba. Sijamtaja."

Na kweli hakuwa amemtaja. Immakulata, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, hakuhitaji ukurasa mwingine. Alimwachia mtoto, akaingia jikoni, akarudi na kile chungu. Akachota upawa mmoja wa maharage, akaumimina kwenye sahani safi, akaiweka mbele ya mkwewe kwa heshima zote, amepiga goti kama desturi inavyotaka.

"Karibu, mkwe. Mgonjwa si wewe. Kula."

Nicodemus aliitazama ile sahani. Alinyoosha mkono, kwa kuwa kiburi kilikuwa bado kinamsukuma, na mkono ukaanza kutetemeka mbele ya watu wote, kwanza vidole, halafu mpaka kiwiko. Jasho likamtoka usoni. Alivuta pumzi polepole, mkono wa pili tumboni, na wote waliona jinsi alivyofundishwa vizuri. Haikusaidia. Alijaribu kusema kitu, kikatoka kilio, kilio kibaya cha mtu mzima, cha kusikika, na Renatus akatazama pembeni.

Josepha ndiye aliyeiondoa ile sahani. Hakumgusa mumewe. Alimwomba Venanti kalamu, akaweka daftari juu ya goti, akalipiga jina lake mstari, taratibu ili karatasi isichanike, na juu yake akaandika: Nicodemus. Kisha akampa.

"Kurasa bado zipo nyingi," alimwambia. "Kasulu unakujua, na Bi Shamsia anakaa Alhamisi. Mimi na watoto tutakuwa hapa. Safari hii nenda mwenyewe."